Miguu ya Miaka Arobaini

Hotuba kwa walimu wa michezo na makocha wa vilabu, Nairobi

Mgeni wetu wa heshima, walimu wakuu mliokubali kuwaachilia walimu wenu Jumamosi nzima, makocha, wazazi, na nyinyi vijana mliochagua viti vya karibu na mlango: hamjambo?

Nimepewa nusu saa. Wanaonifahamu wanajua nusu saa yangu huwa na dakika arobaini na tano, kwa hiyo sitaanza kwa kuusifu ukumbi. Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Kazi yangu ni kukanda, kunyoosha, na kuwaambia watu mambo wasiyotaka kuyasikia. Wengi wanaokuja kwangu ni wakimbiaji wa Ngong, wa Kasarani na wa Karura. Kati yao wapo wa miaka 19 ambao goti likikunjwa linalia, na wapo wa miaka 38 ambao nikishika shavu la mguu najiuliza kama cheti cha kuzaliwa hakikukosewa. Wanaojua mambo ya vyeti naomba wasicheke kwa sauti.

Swali nililoletewa ni hili: mbona wanariadha wa kiwango cha juu siku hizi hawaondoki? Zamani mtu alikuwa akigonga miaka thelathini tunaanza kumtafutia zawadi ya kumuaga. Leo anagonga thelathini na tano na bado anawanyima vijana medali.

Tuanzie marathoni ya Boston, Aprili 2024. Mbio za wanawake ziliongozwa na Wakenya watatu: Hellen Obiri wa kwanza, Sharon Lokedi wa pili, Edna Kiplagat wa tatu. Obiri alikuwa na miaka 34, Lokedi 30, Edna 44. Ndiyo, arobaini na minne. Edna aliposhinda New York mwaka 2010, Lokedi alikuwa msichana wa miaka 16. Katikati hapo Edna akatwaa ubingwa wa dunia mara mbili mfululizo, Daegu 2011 na Moscow 2013, akashinda London 2014, akashinda Boston yenyewe mwaka 2017 akiwa na miaka 37, na nyumbani alikuwa na watoto wa kulea.

Wala si marathoni peke yake. Kim Collins wa Saint Kitts na Nevis alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.93 mwaka 2016 akiwa ameshatimiza miaka 40. Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2022, mama wa miaka 35. Novak Djokovic alikuwa ameshinda kila kitu katika tenisi isipokuwa dhahabu ya Olimpiki; akaipata Paris 2024 akiwa na miaka 37. LeBron James alipita miaka 40 akiwa bado anaanza mechi za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Na kwa nyinyi watu wa soka, Essam El-Hadary alisimama golini kwa Misri katika Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, na akaokoa penalti.

Kabla hatujapiga makofi, kuna mambo mawili ya kutupunguza kasi. La kwanza, wazee wenye miguu hawakuanza jana. Carlos Lopes wa Ureno alishinda marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 akiwa na miaka 37, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia. Roger Milla wa Kameruni alifunga bao katika Kombe la Dunia la 1994 akiwa na miaka 42. Mwili wa binadamu uliweza siku zote. La pili, sisi tunawaona waliobaki. Walioanza pamoja na Edna na wakaacha wakiwa na miaka 26 hawaonyeshwi kwenye runinga. Na vijana nao hawajalala: Emmanuel Wanyonyi alichukua dhahabu ya mita 800 Paris akiwa na miaka 20, na Kelvin Kiptum aliiweka rekodi ya marathoni ya wanaume kuwa 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023 akiwa na miaka 23.

Kwa hiyo niseme nilichokuja kusema, halafu muda uliobaki nitakitetea. Kilichoongezeka ni idadi ya wanariadha wenye ruhusa ya kupumzika. Viatu, vyakula, mashine, vyote nitavitaja, lakini nikivifuatilia hadi mwisho kila kimoja kinanirudisha kwenye mapumziko, na mapumziko yananirudisha kwenye swali la nani anayalipia.

Mwili unazeeka, tusidanganyane. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia huanza kushuka mtu akishavuka miaka thelathini hivi. Kwa asiyefanya mazoezi hushuka kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi. Kwa anayeendelea na mazoezi makali, karibu nusu ya hapo. Nyuzi za misuli za kasi, zile zinazomchomoa mkimbiaji wa mita 100 pale anapoanzia, hupungua kabla ya zile za ustahimilivu, na ndiyo maana Collins na Fraser-Pryce wananishangaza kuliko mkimbiaji yeyote wa marathoni. Kano nazo hukawia kupona. Jeraha ambalo kijana wa miaka 20 analisahau kwa wiki moja, mwenye miaka 36 analala nalo mwezi mzima.

Lakini oksijeni ni sehemu moja tu ya hesabu. Sehemu ya pili ni kasi ambayo mtu anaweza kuishikilia kwa muda mrefu kabla miguu haijaanza kuwaka. Ya tatu, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote, ni gharama: mkimbiaji anatumia oksijeni kiasi gani kwenda kilomita moja kwa kasi ile ile? Profesa Andrew Jones wa Uingereza alimpima mkimbiaji Paula Radcliffe tangu akiwa msichana mpaka akawa bingwa. Kati ya 1992 na 2003 kiwango cha juu cha oksijeni cha Radcliffe kilibaki pale pale, hakikupanda. Gharama ndiyo iliyoshuka, kwa takriban asilimia 15. Mwaka huo wa 2003, akiwa na miaka 29, akakimbia marathoni ya London kwa 2:15:25, na rekodi ile ya dunia ya wanawake ikakaa miaka 16 hadi Brigid Kosgei wetu alipoivunja Chicago mwaka 2019.

Walimu, tulieni kidogo hapo. Miaka kumi na moja ya kukimbia iliufundisha mwili ule kutotapanya. Hayo hayauzwi dukani, na kijana wa miaka 18 hana, hata awe na kipaji namna gani. Mkimbiaji wa masafa marefu anapoteza kidogo upande wa oksijeni huku akiongeza upande wa gharama na upande wa akili: anajua mlima wa Boston unaanzia wapi, anajua mpinzani akianza kutupa mabega kunafuata nini. Kuna miaka ambayo faida inaizidi hasara, na kwa wengi inaangukia kati ya thelathini na arobaini. Sharti ni afike huko akiwa mzima, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Najua mnangoja viatu. Tangu mwaka 2017 vimeingia viatu vyenye bamba la kaboni na soli nene ya povu, na maabara zilipima vile vya kwanza zikakuta vinapunguza nguvu inayotumika kwa asilimia 4 hivi. Shirikisho la Riadha Duniani likaweka mpaka: kwa mbio za barabarani soli isizidi milimita 40. Lakini vijana nao wanavivaa, kwa hiyo viatu peke yake havielezi kwa nini mzee anamshinda kijana. Kinachonigusa mimi ni wanachoniambia wakimbiaji wenyewe, kwamba kesho yake miguu haiumi kama zamani. Hapo mzee ndiye anayefaidi zaidi, kwa kuwa tatizo lake ni kesho yake. Vyakula vivyo hivyo: siku hizi mtu anakunywa gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa akiwa mbioni, wengine zaidi, na anafika akiwa hajajila mwenyewe. Tuendelee.

Mcheza tenisi Roger Federer aliumia goti, akakaa nje nusu ya pili ya mwaka 2016. Alirudi Januari 2017 akiwa na miaka 35 na kushinda mashindano ya wazi ya Australia. Kisha akafanya jambo ambalo mchezaji wa kawaida asingethubutu: akauacha msimu mzima wa viwanja vya udongo. Hakucheza. Akaenda Wimbledon na kushinda bila kupoteza seti hata moja. Kule Marekani nyota wa mpira wa kikapu walianza kupumzishwa mechi baada ya mechi, mpaka mwaka 2023 ligi ya NBA ikalazimika kutunga kanuni za kuzuia timu kuwapumzisha nyota ovyo, maana mashabiki walikuwa wanalipia tiketi kumwona mtu aliyevaa suti. Hebu fikirini: mapumziko yamekuwa silaha hadi yakatungiwa sheria!

Nasi tunaye wetu, kule kambini Kaptagat. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 kule Paris, kijana wa miaka 18, akiwapita Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London. Angeachia hapo, leo tungemkumbuka kama chipukizi wa Paris. Badala yake akahamia marathoni mwaka 2013, akapata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 na tena mwaka 2021, akiwa na miaka 36, na Septemba 2022, akiwa na miaka 37, akakimbia Berlin kwa 2:01:09. Watu husema ni nidhamu. Nidhamu ipo, lakini nidhamu ya nini? Kocha wake Patrick Sang, ambaye mwenyewe alipata fedha ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, amemwekea siku za kazi ngumu zinazojulikana: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi mbio za kubadilisha kasi. Siku nyingine ni mwendo wa kupiga gumzo. Wote wawili wamesema mara nyingi kwamba mazoezini hatumii nguvu zake zote. Na kwa mwaka, kwa kawaida, alikuwa akishindana marathoni mbili tu.

Mbili! Ninao wateja wanaoshindana mara mbili kwa mwezi.

Sasa tuingie mfukoni, maana huko ndiko mambo yanakoamuliwa. Kipchoge Keino alishinda dhahabu ya mita 1,500 Mexico mwaka 1968. Miaka minne baadaye, Munich, akiwa na miaka 32, akachukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji na fedha ya mita 1,500. Mtu anayeweza hivyo akiwa na miaka 32 hajaisha. Lakini sheria za enzi hizo zilimkataza mwanariadha wa Olimpiki kulipwa kwa kukimbia. Keino alikuwa afisa wa polisi mwenye familia, na mwaka 1973 akajiunga na mbio za kulipwa kule Marekani, na mlango wa Olimpiki ukafungwa nyuma yake. Mwaka 1982 ndipo shirikisho la kimataifa lilipoanza kuruhusu fedha ziwekwe kwenye mifuko ya udhamini ya wanariadha, na mashindano ya dunia hayakutoa zawadi ya fedha hadi 1997. Kabla ya hapo, kukaa uwanjani baada ya miaka thelathini ilikuwa anasa ya mtu mwenye kazi nyingine, au mwenye mke wa kumlisha.

Hapa kwetu kuna mpango ambao hatuusifu vya kutosha, labda kwa kuwa umevaa sare. Polisi, Jeshi na Magereza huwaajiri wanariadha. Faith Kipyegon ni polisi. Julius Yego ni polisi. Obiri amepitia Jeshi. Mnajua maana yake? Mshahara unaingia mwisho wa mwezi hata kama mguu uko kwenye plasta. Yego aliumia kifundo cha mguu katikati ya fainali ya mkuki ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, siku aliyopata medali ya fedha, akapitia miaka ya majeraha na matokeo madogo ambayo ingemtoa mtu yeyote anayeishi kwa zawadi za kila wiki. Alikaa. Paris 2024 akiwa na miaka 35 alirusha mkuki mita 87.72 na kumaliza wa tano duniani.

Mlinganishe na kijana mmoja aliyeletwa kliniki na rafiki yake. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa. Picha ilionyesha wazi. Nikamwambia wiki nane bila kukimbia, aogelee, aendeshe baiskeli isiyokwenda popote. Akanyamaza, halafu akaniuliza kwa adabu, "Daktari, na nikikimbia hii moja tu ya Jumapili?" Zilikuwa mbio za barabarani za kilomita 10, na zawadi ya mshindi ingelipa karo ya mdogo wake. Nikamweleza mfupa unavyofanya ukilazimishwa. Akasema, "Nimekuelewa, daktari. Lakini mkuu wa shule hajaelewa." Alikimbia. Alishika nafasi ya nne, na zawadi zilikuwa za watatu wa kwanza.

Kijana yule hakukosa nidhamu. Alikuwa anatumiwa jinsi tunavyoitumia matatu: inaamka alfajiri, inalala usiku wa manane, kila mtu anahesabu pesa na hakuna anayeuliza gereji, mpaka giaboksi inapomwagika Thika Road na abiria wanashuka kupanda nyingine. Abiria siku zote wana nyingine ya kupanda. Kenya ina wakimbiaji wengi mno, na wingi huo, ambao tunajivunia, ndio unaofanya kila mmoja wao aonekane wa bei nafuu. Meneja asiye na subira hamngoji mtu wiki nane wakati kuna kumi wanaosubiri nauli ya ndege.

Akina mama, hapa niseme taratibu kwa sababu mabadiliko makubwa kuliko yote yametokea upande wenu. Faith Kipyegon alipata dhahabu ya mita 1,500 Rio mwaka 2016. Juni 2018 akajifungua binti. Mwaka 2019 akarudi na fedha ya dunia Doha. Kisha dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, kisha ya Paris. Katika majira yale ya mwaka 2023 alivunja rekodi za dunia tatu, za mita 1,500, mita 5,000 na maili, ndani ya miezi miwili. Julai 2025 akaishusha ile ya mita 1,500 hadi 3:48.68, akiwa na miaka 31. Kabla yake Vivian Cheruiyot alijifungua mwaka 2013, akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 2015, na Rio akapata dhahabu ya mita 5,000 akiwa na miaka 32. Peres Jepchirchir alikuwa mama kabla hajawa bingwa wa Olimpiki wa marathoni.

Zamani mimba ilikuwa barua ya kustaafu. Mkataba ulikatwa au ukapunguzwa, na nyumbani nako wakaona sasa umetosha. Mwaka 2019 wakimbiaji wa Marekani, Allyson Felix akiwa mmoja wao, walitoka hadharani kueleza jinsi mikataba ilivyowabana walipopata mimba, na wadhamini wakabadilisha masharti yao. Kilichobadilika ni maneno ya karatasini tu, lakini maneno hayo yalimpa mwanamke mwaka wa kukaa kando na kurudi akiwa bado na jina. (Sisemi kuzaa kunaongeza kasi. Nimeulizwa hilo na kocha mmoja, kwa uzito kabisa, na nisingependa kuulizwa tena.)

Kuna jambo ambalo vitabu vya nje kuhusu umri wa wanariadha havilitaji, kwa sababu huko huenda si tatizo. Hapa Kenya urefu wa maisha ya mwanariadha mara nyingi huamuliwa nje ya uwanja. Samuel Wanjiru alishinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 21, Mkenya wa kwanza kuipata dhahabu hiyo. Mwaka 2011 akafariki nyumbani kwake Nyahururu, na miaka 24 tu. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021 akiwa na miaka 25, wiki chache baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 kule Ujerumani katika mbio za wanawake watupu. Kiptum na kocha wake Gervais Hakizimana walifariki katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, Februari 2024. Tukihesabu oksijeni na kano bila kuwahesabu hawa, hesabu yetu ni ya uongo. Fedha nyingi zinamwangukia kijana ambaye mwaka jana alikuwa anakopa viatu, na ghafla ana mashemeji, mawakala na marafiki wa kila aina. Kupumzika kunahitaji nyumba salama ya kupumzikia. Wenzake Tirop walilielewa hilo, na baada ya kifo chake wakaanzisha kikundi cha kuwatetea wasichana wa riadha dhidi ya ukatili. Kila shule yenye timu ya wasichana inapaswa kuwa na mtu mmoja, na ikiwezekana mwanamke, ambaye msichana anaweza kumwambia jambo bila kupitia kwa kocha.

Na dawa? Naona mmeanza kutazamana. Ndiyo, wapo waliorefusha safari yao kwa sindano, wengine Wakenya, wengine watu tuliowapigia makofi. Nchi ilitunga sheria ya kupambana na dawa mwaka 2016 na bado orodha ya waliofungiwa inatuaibisha. Sitamlaumu mzee anayekimbia vizuri kwa sababu tu anakimbia vizuri, lakini siwezi pia kuwakataza watu kuuliza. Ninachompendea Sabastian Sawe ni kwamba kabla ya Berlin 2025 kambi yake iliomba yenyewe apimwe zaidi ya inavyotakiwa. Akashinda kwa 2:02:16. Huyo naye tazameni umri: marathoni yake ya kwanza aliikimbia Valencia, Desemba 2024, akiwa na miaka 29. Hakuwahi kuisulubu miguu yake kwa kilomita 42 akiwa na miaka 20.

Hilo linanileta kwenu, walimu, na hapa sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtoto wa kidato cha pili ana kipaji. Ijumaa anakimbia mchujo wa mita 1,500, mchana mita 5,000. Jumamosi fainali ya 1,500, kisha kuruka viunzi na maji kwa sababu shule haina mwingine, kisha mzunguko wa mwisho wa kupokezana vijiti kwa sababu mwalimu mkuu amekuja na anataka kikombe. Wiki mbili baadaye ngazi ya kaunti ndogo, vivyo hivyo. Kisha kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Likizo ikifika, mjomba anampeleka kwenye mbio za barabarani kwa sababu kuna elfu kumi. Nimewaona watoto hao wakija kwangu na miaka 17, kisigino kimevimba, na faili nene kuliko ya mtu mzima. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wetu tumeuweka karibu sana na mlango wa shule.

Sasa mtazameni Ferdinand Omanyala. Alikuwa kijana wa raga. Mbio fupi alianza kwa uzito akiwa karibu na miaka 20. Septemba 2021, hapa hapa Kasarani, akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Na Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye kompyuta, kwa kuwa hakuwa na kocha. Sisemi kukosa kocha ni jambo zuri, lakini kuna faida moja: hakuna aliyekuwa anamsukuma arushe mara mia kila Jumamosi akiwa mtoto.

Ninachoomba ni kidogo na hakihitaji bajeti ya wizara. Mtoto asipewe zaidi ya mbio mbili kwa mashindano, hata kikombe kikienda shule jirani. Msimu ukiisha, apumzike mwezi mzima, acheze voliboli, acheze raga, alime kwa bibi yake, chochote kisicho na saa ya kupimia. Na kila mwanariadha awe na daftari: amekimbia nini, ameumia wapi, amelala saa ngapi, na msichana aandike pia hedhi yake, kwa sababu ikikatika kwa miezi, hiyo inaweza kuwa ishara ya mwili kukosa chakula cha kutosha, na mifupa ndiyo inayolipa deni. Daftari lisafiri naye akihama shule. Leo mtoto anakuja Nairobi kutoka Nandi au Marakwet na sisi tunaanza naye ukurasa mpya, huku mguu wake unakumbuka kila kitu.

Swali la Kipchoge litakuja, naliona kwenye nyuso, acha nilijibu kabla ya chai. Paris 2024, akiwa na miaka 39, aliacha mbio kabla ya mwisho. Aprili 2025, akiwa na 40, akamaliza wa sita London, dakika tatu hivi nyuma ya Sawe. Wengine wanasema atundike viatu asije akajiharibia jina. Mimi ningependa mtu anionyeshe jina lililoharibika kwa kuwa wa sita London. Bekele alikuwa wa pili pale pale mwaka 2024 akiwa na miaka 41, na hakuna Mwethiopia niliyemsikia akilalamika. Bernard Lagat, mzaliwa wa kwetu aliyekuwa akiiwakilisha Marekani, alikuwa wa tano katika mita 5,000 Rio akiwa na miaka 41. Wote hawa wamejilipia mapumziko yao kwa jasho lao, na siku ya kuondoka ni yao wenyewe kuichagua, bila kuniuliza mimi wala gazeti.

Mwalimu wa Embakasi, uliinua mkono nilipotaja daftari na ukatikisa kichwa. Nadhani una sababu. Mpeni maikrofoni.